Wazazi Waangalifu wa Tahadharia

Sitawachosha na habari za njia. Mtu akirudi safari huulizwa alipanda nini na alilala wapi, na mimi maswali hayo nimekwisha kuyajibu mpaka basi. Itoshe kusema kwamba nilifika nchi ya Tahadharia nikiwa mzima, na kwamba niliyoyaona huko sijayaona pengine popote, ingawa kila ninapoyasimulia hakosekani mtu mmoja barazani anayetazama pembeni na kukohoa.

Pale mpakani afisa mwenye sauti ya upole aliniuliza kama mzigoni mwangu mna mchezo wowote wa kuua. Nikamwambia nina bao langu dogo la safari. Akataka kujua linavyochezwa. Nikamweleza kwamba unapanda kete, unazungusha, na ukiangukia pazuri unakula kete za mwenzako. Hapo akaacha kutabasamu.

"Unazila?" akauliza.

"Nikiwa na bahati nazila zote," nikasema, "na mwenzangu habaki na hata moja."

Akamwita mkubwa wake, wakanong'onezana. Mwishowe waliniruhusu kupita kwa sababu nilikuwa mtu mzima na, kwa maneno yao wenyewe, nilikuwa nimekwisha kuharibika. Nilikatazwa tu kulitoa bao mbele ya watoto.

Nilipanga chumba kwa fundi cherehani mmoja aitwaye Hemedi. Aliishi na mkewe Zuwena na watoto wao wawili: Tunu, binti wa miaka kama kumi, na Sefu, ambaye alikuwa bado anatambaa. Nilifika katika siku mbaya. Jana yake Tunu alikuwa amempiga mtoto wa jirani kwa mwiko, na jino la mtoto huyo likang'oka. Kwetu jambo kama hilo lingemalizika kwa wazazi kusemana kidogo ugani na kupelekeana sahani ya maandazi. Tahadharia halikumalizika hivyo, na ili mwelewe kwa nini, inabidi niwaeleze kwanza habari ya pazia na habari ya ngazi.

Pazia ni mchezo wa watoto wote wa nchi ile. Hufunga madirisha, wakatundika shuka jeupe, wakawasha taa nyuma yake, kisha kwa vijiti huwachezesha watu wa ngozi ambao vivuli vyao huonekana kwenye shuka. Watu hao kazi yao ni kupigana. Wana mikuki na mapanga, na vichwa vyao vimefungwa kwa uzi ili mmoja akipigwa sawasawa kichwa kidondoke. Halafu kichwa hurudishwa mahali pake na vita huanza upya. Wachongaji wa vivuli, ambao wana nyumba nzuri kuliko zote mjini, hushona uzi mwekundu kwenye kila kivuli kisichowafaa watoto. Nilisimama dukani nikamtazama mtoto mmoja akichagua. Alirudisha rafuni kivuli kimoja baada ya kingine, akilalamika kwamba havina uzi mwekundu.

Ngazi ni za wapiga mbiu. Tahadharia haina gazeti wala redio. Habari hutolewa na watu wanaosimama juu ya ngazi uwanjani. Wasikilizaji wanapoongezeka, mpiga mbiu huruhusiwa kupanda kipandio kimoja zaidi. Akiwa chini husikika na wachache, lakini anamwona anayezungumziwa. Akifika juu husikika mji mzima na hamwoni mtu yeyote. Aliyekuwa maarufu kuliko wote aliitwa Chande, mwanamume mwembamba mwenye koo la ajabu. Habari ya Tunu aliianza akiwa chini, na hapo jino lilikuwa moja, tena la utoto, lililokuwa linacheza tangu mwezi uliopita. Alipopanda kidogo yakawa meno ya mbele. Nilipofika mimi alikuwa kwenye kipandio cha juu kabisa, na mtoto wa jirani hakuwa tena na taya.

Mtoto mwenyewe nilimkuta chini ya ngazi ile ile. Alikuwa anatafuna muwa na kusikiliza kwa makini ili ajue kilichompata.

"Ni mtoto wa pazia," Chande alikuwa akisema huko juu. "Jana ni jirani. Kesho ni nani?" Watu waliangaliana, na wengine wakasogea karibu na ngazi.

Kila siku alasiri wazazi wote wa mji hukusanyika uwanjani kwa Mkutano wa Malezi, na hawatawanyiki mpaka jua lizame. Huko hujadili hatari zinazowakabili watoto. Sheria ni moja na haina huruma: mzazi anayehudhuria ni mzazi mwangalifu na hupewa beji ya shaba, asiyehudhuria hajali watoto wake, na majirani humwacha hata salamu. Zuwena alikuwa na beji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, maana alikuwa kiongozi wa mtaa. Aliivaa hata jikoni.

Nilimuuliza siku ya kwanza, "Mama Tunu, mkiwa mkutanoni watoto wanakuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Wanafanya nini?"

"Wanacheza pazia," akasema kwa uchungu wa kweli. "Ndiyo maana tunakutana, mgeni. Tena tunafikiria kuanza na asubuhi."

Nilikwenda mkutanoni naye, kwani mgeni anaruhusiwa kusikiliza. Wanakaa chini ya sanamu kubwa ya shujaa wao wa zamani, aliyepanda farasi na kushika kichwa cha adui kwa nywele. Mchongaji alikuwa stadi. Hata matone ya damu aliyachonga. Nikamnong'oneza jirani yangu, nikitaka kujua kama sanamu ile haiwatii watoto mawazo mabaya. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama mvua huloanisha, akasema ile ni historia.

Mtaalamu mmoja alithibitisha siku hiyo kwamba pazia huleta ukatili, kwa sababu kila mtoto aliyewahi kumpiga mwenzake alikuwa amelicheza. Mzee mmoja nyuma akasema watoto wote wa mji hulicheza, pamoja na wale wapole. Mtaalamu akamjibu kwamba hao wapole bado hawajaanza. Akapigiwa makofi. Kisha akasimama msemaji wa wachongaji wa vivuli, mtu mnene mwenye marashi mazuri, akasema vivuli havijawahi kumdhuru mtu, kwamba vinatuliza akili, na kwamba kazi ya kuangalia uzi mwekundu ni ya mzazi. Akazomewa. Alipokaa nilimwona akitabasamu, na nikaambiwa kwamba kila akizomewa duka huuza maradufu.

Nikataka kujua ni nani kati ya hao wasemaji aliyewahi kulicheza pazia. Hakuna. Hawaruhusiwi. Kuna sheria iitwayo Sheria ya Macho Safi, inayosema kwamba aliyelicheza pazia, hata mara moja, ana upendeleo na hawezi kulizungumzia. Kwa sheria hiyo hiyo, mtoto anayeshtakiwa haulizwi chochote, kwa maana anayejibu si yeye, ni pazia. Nimesikia sheria nyingi za kipuuzi maishani mwangu, na zingine nimezitii, lakini hii ilinikasirisha hadi nikashindwa kumaliza kahawa yangu.

Sasa shauri la Tunu lilikuwa hivi. Tahadharia hawakubali kosa la mtoto liwe na wakosaji wawili. Ama ni pazia, ama ni wazazi. Katika siku ya shauri mzazi husimama mbele ya mkutano na kutamka maneno yaliyowekwa: "Mwanangu alikuwa mwema, pazia ndilo lililomwingia." Akishayatamka, wazazi wanabaki safi na beji zao, na mtoto anapelekwa kwenye Nyumba ya Utulivu, huko mlimani, akakae mwaka mzima bila kumwona mtu wa kwao, mpaka pazia limtoke. Asipoyatamka, mtoto yuko huru, na kosa linakuwa la wazazi. Nilipouliza wazazi hupewa adhabu gani, watu waliinamisha macho. Walisema hakuna aliyekumbuka kuiona ikitolewa, na kwamba ni bora mtu asiijue.

Kwa hiyo Tunu alikuwa anakwenda mlimani. Kila mtu alijua hivyo, na Tunu pia. Alianza kumfundisha Sefu kunywa kwa kikombe, ili asisumbue atakapokuwa hayupo.

Hemedi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa fundi. Asubuhi moja aliacha cherehani, akaniambia, "Mgeni, mimi mteja akiniletea kitambaa, siwezi kusema ni kibovu kabla sijakishika. Hili pazia naambiwa limemharibu mwanangu, nami hata sijui linashikwa wapi." Akamwita Tunu, akamwomba amfundishe.

Tunu alidhani baba yake anamtega. Alipoona amekaa sakafuni kweli, miguu imemkaa vibaya kwa kutozoea, akafunga dirisha na kuwasha taa. Nilikaa mlangoni nikawatazama. Hemedi alikatwa kichwa kabla hajajua kijiti kipi ni cha mkono. Akarudishiwa kichwa, akakatwa tena. Tunu alimwonyesha namna ya kukwepa, naye akakwepa hadi akapiga taa. Nilimsikia mtu yule akicheka, na nadhani hata yeye alishangaa kujisikia. Waliendelea asubuhi zote zilizofuata. Kila baada ya vita walikaa kufunga vichwa upya kwa uzi, na katika kufunga huko ndiko Tunu alikozungumza, bila kuulizwa, juu ya shule, juu ya jino la Sefu linaloota, na siku moja juu ya mwiko.

Jioni ile Hemedi alitangulia kutoka mkutanoni, akamngoja mkewe mlangoni.

"Mama Tunu, kuna habari ya uji ambayo inabidi uisikie."

Zuwena akaweka mikono masikioni. "Usiniambie kitu, Baba Tunu. Mimi natakiwa niwe safi siku ya shauri. Nikijua kitu watanikataa." Akapita ndani. Nilimwonea huruma. Hakuwa mama mbaya. Aliambiwa tangu zamani kwamba kumpenda mtoto ni kukaa uwanjani, naye alikaa kuliko wote.

Siku ya shauri uwanja ulifurika. Mwenyekiti alikuwa Bi Ruzuna, mama mtu mzima mwenye adabu nyingi na sauti ya kubembeleza. Alizaa watoto kadhaa, na tangu wazaliwe hakuwahi kukosa mkutano. Chande alikuwa juu ya ngazi tangu mchana, akiwaonya watu wasimkaribie mshtakiwa.

Mshtakiwa akaletwa. Tunu alikuja na Sefu mgongoni, amemfunga kwa kanga ya mama yao, na mtoto amelala, shavu lake limebanwa begani kwa dada yake. Watu waliokuwa mbele walirudi nyuma kwa hofu. Sikumsikia hata mmoja akimtaja yule mtoto mgongoni, maana walikuwa wamezoea kuwaona watoto wao wamebeba watoto.

Bi Ruzuna akamwita baba. "Bwana Hemedi, umewahi kuliona pazia likichezwa?"

"Nimelicheza, Bibi Mwenyekiti."

Waliokuwa karibu naye wakasogea kando.

"Umelicheza lini?"

"Asubuhi zote za wiki hii. Binti yangu ananishinda kila mara. Nilitaka kuwaeleza nilichokiona, kwa sababu nadhani hapa tume—"

"Inatosha, Bwana Hemedi," akasema Bi Ruzuna kwa huzuni. "Wewe huwezi tena kumsemea."

"Baba naye limemwingia," Chande akatangaza huko juu, na mji mzima ukasikia. Hemedi akasukumwa taratibu kando. Alikuwa amejifunza ili aweze kumtetea mwanawe, na kule kujifunza ndiko kulikomfunga mdomo. Nilitaka kusimama niseme kitu, lakini hata mimi nilijulikana kuwa mla kete.

Akaitwa mama. Zuwena akasimama na beji yake kifuani. Akavuta pumzi.

"Mwanangu alikuwa mwema," akaanza.

Sefu akaamka. Kelele za uwanja zilimtisha, akaanza kulia. Tunu, macho yake yakiwa bado kwa Bi Ruzuna, akaanza kuyumba taratibu upande huu na upande huu, mkono mmoja nyuma unampigapiga mtoto, na midomo inaimba kitu kisichosikika. Alifanya hivyo bila kufikiri, kwa mazoea ya muda mrefu. Mtoto akanyamaza. Zuwena alimtazama binti yake akifanya kazi ile, na sehemu ya pili ya maneno haikumtoka.

"Mama Tunu," Bi Ruzuna akamkumbusha, "pazia ndilo..."

"Tunu," akasema Zuwena, "yule mtoto ulimpigia nini?"

"Mama Tunu, mtoto haulizwi."

"Namuuliza mwanangu."

Tunu akamtazama baba yake, naye akamwitikia kwa kichwa.

"Alimwaga uji," akasema.

"Uji gani?"

"Wa Sefu. Niliupika nikauweka chini upoe. Akaupiga teke, akacheka. Na unga ulikuwa umekwisha."

"Kwa nini hukuja kuniita?"

"Ulikuwa mkutanoni." Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayemwelekeza mwenzake duka lilipo.

"Sefu alikula nini siku ile?" akauliza Zuwena.

"Hakula mpaka mliporudi. Alikuwa analia, nikamchezea pazia, akanyamaza."

Mtaalamu akasimama kutaka kueleza kwamba kisayansi jambo hilo lilikuwa linathibitisha hoja yake. Bi Ruzuna akamwashiria akae.

Zuwena alikuwa anahangaika na pini ya beji. Ilikuwa imekaa pale miaka, ikagoma kidogo. Alipoifungua akaiweka mezani polepole.

"Nisameheni," akasema. "Siwezi kuyamaliza yale maneno. Pazia halikuwepo pale uji ulipomwagika, na mimi pia sikuwepo. Mimi nilikuwa hapa."

"Sote tulikuwa hapa, Mama Tunu," mama mmoja akasema kutoka nyuma, kwa nia ya kumfariji.

"Ndiyo," akasema Zuwena. "Sote."

Watu wakaanza kusogeza miguu. Mmoja akatazama njia ya kwake, halafu akatazama beji yake, akabaki. Hemedi akaja akasimama kando ya mkewe, akavua beji yake pia. Huko juu Chande alikuwa anauliza kumetokea nini, na hakuna aliyemjibu.

Bi Ruzuna alishauriana na wenzake kwa muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na naamini alisikitika kwa moyo wake wote.

"Mtoto yuko huru," akasema. "Kosa wamelichukua wazazi, nao wamepatikana na uzembe. Adhabu yake inajulikana kisheria, ingawa sikutegemea kuitamka katika uhai wangu. Hemedi na Zuwena wamepigwa marufuku kufika kwenye Mkutano wa Malezi kwa mwaka mzima. Kila alasiri, wakati wenzao watakapokuwa hapa wakiwajali watoto wao, wao watakaa nyumbani."

Uwanja mzima uliguna. Kina mama waliziba midomo kwa ncha za kanga, na mzee mmoja akasema adhabu hii imezidi. Zuwena alifunika uso akalia kwa aibu, kwa kuwa majirani zake wote walikuwa wanamtazama, na miongoni mwao hakuna ambaye angemsalimu kesho. Hemedi alimshika bega.

Tunu alikuwa ameinua kichwa. "Kila alasiri?" akamuuliza mwenyekiti.

"Kila alasiri, mwanangu," akasema Bi Ruzuna kwa huruma.

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Lakini usihuzunike sana. Adhabu hii hupunguzwa. Wazazi wako wakionyesha mwenendo mzuri, tunaweza kuwarudisha mkutanoni hata kabla ya mwaka kwisha."

Tunu akampandisha Sefu mgongoni akakaa vizuri, kisha akawageukia baba na mama yake.

"Tafadhali," akawaambia, "msiuonyeshe huo mwenendo mzuri."